Punda Aliyesimama Mlangoni mwa Fundi Cherehani

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Rekodi za Dunia,
Tawi la Mkoa Wetu.

Ndugu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUONDOLEWA PUNDA, AU KUONDOLEWA MLANGO

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye muda wa kusoma. Mimi ni fundi cherehani, mwenye duka la chumba kimoja mkabala na kinyozi. Nakuandikia nikiwa ndani ya duka hilo, kwa sababu siwezi kutoka.

Kwanza ieleweke kwamba mimi si adui wa rekodi. Mkoa wetu hauna dhahabu wala kiwanda, lakini kwa rekodi za dunia hakuna wa kutugusa. Ni kwetu alikopatikana jogoo anayewika adhuhuri tu, mwalimu mstaafu anayepiga mwayo mrefu kuliko binadamu yeyote, na mbuzi aliyekula bango zima la mgombea pamoja na misumari yake. Siku mbuzi yule alipopewa cheti nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Cheti nacho alikila, lakini hayo ni mambo yake.

Tatizo ni sheria ya utepe. Kama unavyojua, mtu au mnyama akianza kutafuta rekodi, Afisa Utepe wako anamzungushia utepe wa njano, na tangu hapo haruhusiwi mtu kumgusa, kumsukuma wala kumshawishi mpaka avunje rekodi au achoke mwenyewe. Afisa Utepe ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Namtaja kwa heshima zote, na kwa uchungu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki iliyopita punda wa muuza maji alisimama mlangoni mwangu kukwepa jua. Alisimama kama punda yeyote anavyosimama. Kwa bahati mbaya shemeji alikuwa anapita. Akamtazama punda, akatazama saa yake, akatangaza kwamba huyu hajatikisa hata sikio, huyu ana kipaji. Kabla sijaweka mkasi chini, utepe ulikuwa umeshafungwa kutoka upande mmoja wa fremu hadi mwingine. Punda ameujaza mlango wote, kichwa nje, makalio ndani. Nimeishi na makalio hayo tangu siku ile. Mkia wake umenifutia alama zote za chaki kwenye suruali ya mteja. Chai na mkate mke wangu ananipitishia dirishani, katikati ya nondo. Mahitaji mengine ya mwili si ya kuandikwa kwenye barua ya ofisi. Itoshe kusema kuna ndoo.

2. Humu ndani, pamoja nami, limo gauni la harusi la binti yangu. Ni mtoto wangu wa pekee, na harusi ni Jumamosi. Gauni nilishalimaliza, nikalitundika juu ya cherehani. Kwa kuwa muda ninao, nimeliongezea lesi mabegani, kisha kwenye mikono, kisha kwenye pindo, na sasa nimerudi tena mabegani. Bila gauni hakuna harusi, na gauni limezuiwa na punda. Hiki ndicho kiini cha barua yangu.

3. Bwana harusi. Nilimtumia ujumbe aje amsukume punda kisirisiri, akajibu kwamba anapita kwanza kwa kinyozi. Kumbe kinyozi naye alikuwa amefungwa utepe asubuhi ile, kwa unyoaji wa polepole kuliko wote duniani. Kijana yuko kitini hadi sasa. Nikiinama namwona kati ya miguu ya punda: upande mmoja kipara, upande mwingine msitu. Akijaribu kunipungia mkono, kinyozi anamkemea asitikisike. Sikumchagua mimi, lakini nakiri ana adabu.

4. Mpishi wa harusi. Kuku wake ameatamia ndani ya sufuria lake kubwa kuliko yote, na shemeji amemfunga utepe hapo hapo. Mayai yenyewe si mayai, ni viazi. Ndiyo maana ofisi yako inatarajia ataatamia kwa muda mrefu sana.

5. Mke wangu. Nilimwomba akazungumze na kaka yake. Alikwenda, akazungumza naye, akarudi amefungwa utepe mkononi. Sasa anagombea mnuno mrefu kuliko yote katika ndoa, na shemeji anasema ana nafasi nzuri, kwa kuwa alikuwa ameshafanya mazoezi ya kutosha.

Ndugu Mkuu, mimi ni mtu wa sheria na sitaki utepe ukatwe. Kwa hiyo, kama punda haruhusiwi kuondoka mlangoni, naomba mlango uondoke kwa punda. Kuta zibomolewe, paa liinuliwe, duka lisogezwe kidogo kuelekea sokoni, punda abaki na fremu yake. Nimemuuliza mwashi kupitia dirishani. Anasema inawezekana, ila hapendi kufanya kazi akitazamwa na punda.

Kama hilo ni gumu, naomba harusi ifungwe kwa kinyozi, nami niishuhudie kati ya miguu ya punda.

Kama nalo ni gumu, basi naomba punda aandikishwe kuwa baba wa bibi harusi kwa siku moja. Kazi ya baba siku hiyo ni kusimama mlangoni akimtazama bintiye anaondoka, bila kutikisika na bila kulia mbele za watu. Punda ameshaonyesha kwamba kazi hiyo anaiweza. Mimi bado sijajaribiwa.

Niongeze pia kwamba tangu binti yangu azaliwe sijawahi kulala kwenye nyumba ambayo yeye hayumo, ukiondoa siku hizi chache za punda, na sikuzipenda. Jambo hili halihusiani na malalamiko. Nimelitaja tu.

Nisalimie wasaidizi wako wote, dereva wako, mlinzi wa geti, na yule mwalimu wa mwayo akija ofisini. Mwambie huku tunamtegemea.

Wako mtiifu, kwa kukosa pa kwenda,

Fundi Cherehani
(ndani)

Nyongeza: Ndugu Mkuu, punda aliondoka mwenyewe jana asubuhi. Sikuona sababu ya kubadilisha barua, maana ilikuwa imeshakaa vizuri, na lesi ya mabegani ilikuwa haijaisha. Leo binti yangu ameinama, akapita chini ya utepe, akanikuta nashona. Aliniuliza kwa nini gauni halikupita dirishani, pale pale inapopita chai. Nikatazama dirisha, nikatazama gauni, nikaendelea kushona lesi. Akaketi kwenye kiti cha wateja, akanikumbusha kwamba anahamia mtaa wa pili tu, kwenye nyumba ya mlango wa buluu, na kwamba nyumba hiyo inaonekana kutoka kizingitini kwangu punda akiwa hayupo. Kuhusu nusu ya kichwa cha mwenzake, anasema ataolewa naye hivyo hivyo. Kisha akachukua mkasi wangu, akakata uzi, akaondoka na gauni lake. Kwa hiyo barua hii ichane.

Ila shemeji amepita sasa hivi, amenikuta nimesimama mlangoni natazama ule mlango wa buluu. Anasema sijatikisa hata sikio. Amekwenda kuleta utepe, nami nimemwambia atanikuta hapa hapa.