Ndoo Saba na Kijiko cha Chai

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima roshani. Hatua nne kwa moja na nusu. Inatosha kulisha ukoo mzima! Nimekusanya ndoo saba: tano za rangi, moja ya kufulia (mke wangu hajui), moja iliyopasuka, nimeisukuma nyuma ya mlango. Mke wangu kauliza nguo ataanika wapi. Nimemwambia aanike kwa imani. Hakucheka. Katoa hukumu: asipoona mche hata mmoja hadi Jumamosi ya wiki ijayo, kamba ya nguo inarudi na ndoo zinatupwa. Siku kumi na mbili! Mbegu gani hiyo ya kunishinda?

Jumanne, 4 Machi
Nimepanda maharage, nyanya, bamia. Kazini nimedanganya naumwa jino, nikarudi kuchora njia ya jua kwa chaki. Linaingia saa tatu, linatoka saa saba bila kuaga. Nimeshinda nikizihamisha ndoo kulifuata. Fundi cherehani wa chini kainua kichwa akauliza kama tunahama. Yeye ana kopo moja tu mlangoni, mchicha umefurika. Bila hata chaki!

Alhamisi, 6 Machi
Kimya. Huko ndani kunaendelea nini? Nimefukua haragwe moja kwa kijiko cha chai. Limevimba! Nikafukua na mengine, nijue kama nayo yamevimba. Yamevimba yote. Nimeyarudisha. Yalilala upande gani? Sikumbuki.

Jumamosi, 8 Machi
Haragwe moja limetoa kijimkia cheupe. Milimita sita kwa rula. Jioni nikapima tena, kikabaki mkononi. Uchungu wake siuelezi. Nimeshuka kumdadisi fundi. Eti anamwagia maji, kisha anarudi kushona. Nikamuuliza anafukua mara ngapi kwa siku. Kanitazama weee, pini mdomoni. Huyu ananificha kitu.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu kakiona kijiko. Kasema hakuna kitu kinachoota huku kinahojiwa. Kakitia mkobani, kaenda nacho kazini. Nimetumia uma.

Alhamisi, 13 Machi
Ndoo sita, mche sifuri. Kamba mpya imenunuliwa. Ameiweka mezani kando ya sahani yangu.

Ijumaa, 14 Machi
MCHE! Ndoo iliyopasuka, nyuma ya mlango! Niliisahau kabisa tangu siku ya kupanda. Mke wangu akideki hukamulia tambara humo. Bamia, majani mawili. Nimepiga ukelele hadi fundi kapanda ngazi mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mke wangu kainama, kautazama, kasema kwa upole kwamba kumbe naweza. Machozi yalinilenga. Kesho anamleta mama yake aone. Kamba imeingia kabatini. Nimeapa mbele yao wote wawili: siugusi.

Jumamosi, 15 Machi
Saa mbili asubuhi. Sijaugusa.

Saa tatu. Swali la kitaalamu tu: kwa nini huu umeota na wenzake wamegoma? Jibu liko kwenye mizizi. Na kutazama si kugusa.

Saa nne. Mizizi mizuri ajabu! Mirefu kama kidole, ina vinyweleo. Nasikia viatu vya mama mkwe kwenye ngazi. Nimeurudisha, nimeuegemeza kwa njiti ya kiberiti. Umelala kidogo.

Saa nane. Kamba imefungwa. Shati langu ndilo la kwanza kuanikwa. Mama mkwe kanipa pole kama mfiwa. Fundi kanihurumia, kaniletea kopo lake la mchicha nilitunze dirishani jikoni, kwa sharti moja ambalo sote tunalijua. Nimempa mkono. Safari hii nimekoma, kabisa.

Saa kumi. Mke wangu kamsindikiza mama yake. Vijiko na uma zote kazifungia kabatini. Mchicha umesimama mbele yangu, umenawiri kwelikweli. Huko chini ya udongo amefanyaje yule fundi?

Kalamu hii ina ncha nzuri.