Pingamizi la Bwana Harusi kwa Ajili ya Jaketi Lililogeuka Koti la Baba Mkwe

Lwitiko Jafeti,
Mtunza Kumbukumbu, Masijala,
Sumbawanga.
Jumatano, 11 Juni 2025.

Baba Paroko,
Parokiani.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA NDOA YA LWITIKO JAFETI NA CORNELIA ZENON, LINALOWASILISHWA NA LWITIKO JAFETI

Mheshimiwa Baba Paroko,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, kwa hiyo naendelea.

Jumapili mbili mfululizo umetangaza kanisani kwamba mimi na Cornelia, mwalimu wa darasa la pili na binti wa Mzee Zenon wa Mollo, tunakusudia kufunga ndoa tarehe 28 mwezi huu, na kwamba mwenye kujua kizuizi chochote akilete kwako kabla ya tangazo la tatu. Mara zote mbili niliangalia kulia na kushoto nione nani atainuka. Hakuinuka mtu. Ndipo nilipotambua kwamba kizuizi nakijua mimi peke yangu, na dhamiri yangu, ingawa ililelewa Moraviani kule Tukuyu, imekataa kukaa kimya mpaka Jumapili.

Kizuizi chenyewe ni jaketi.

Ni jaketi fupi la mtindo wa marubani, vijana wa mitumba huliita bomba. Rangi yake ni kijani iliyopauka, bitana ya ndani ni ya chungwa, limebana kiunoni na mikononi, na kwenye mkono wa kushoto lina kimfuko kidogo chenye zipu ambacho hata muuzaji hakujua kazi yake. Nililipata siku belo linafunguliwa. Mimi nilishika mkono mmoja na mtu mwingine alishika mkono wa pili, tukaangaliana hivyo mpaka yeye akaona haya. Tangu siku ile nilianza kujifunza kwenye simu namna ya kulivaa kwa kila majira ya mwaka, na nilikuwa nimefika katikati ya masomo hayo nilipopokonywa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya tarehe 15 Juni mwaka jana, siku ya kupeleka mahari. Mimi nilikaa nje na vijana, kwa kuwa bwana harusi haingii wazee wanaposoma orodha. Ndani alikuwa mshenga wangu, Ndugu Obedi, mtu wa kwetu Mbeya tunayefanya naye kazi. Walisoma blanketi la bibi, likawepo. Walisoma jembe, likawepo. Walisoma koti la baba, halikuwepo, kwa sababu Obedi alikuwa amelisahau kitandani kwake. Basi akatoka nje, akaniinamia sikioni, akasema, "Kaka, hebu vua hilo, dakika mbili tu." Dakika mbili hizo Jumapili hii zitatimiza mwaka mmoja kamili.

Nilibaki na shati la mikono mifupi katika upepo wa Juni wa Ufipa, ambao wewe unaufahamu. Nilitetemeka mpaka saa kumi jioni. Nasikia ndani kulipigwa vigelegele.

Utaniuliza kwa nini sikumwomba Mzee Zenon anirudishie. Baba Paroko, kilichopokelewa siku ya mahari hakiombwi. Mkwe akidai kirudishwe, ni sawa na kusema binti simtaki tena. Na upande wa pili wakikirudisha wenyewe, ni wao wanasema bwana harusi hatumtaki tena. Mimi Cornelia namtaka. Namtaka sana, naandika wazi wazi ili jambo hili lisije likachanganywa na malalamiko yangu, ambayo ni haya yafuatayo:

1. Kipupwe (Juni na Julai). Haya ndiyo majira ya jaketi hili. Huvaliwa juu ya fulana nyeupe, zipu imefungwa nusu, na jinzi nyeusi na raba safi. Mzee Zenon alilivaa ndani ya koti. Narudia kwa masikitiko, ndani ya koti. Analo koti refu la sufu alilopewa na mkwe wake wa kwanza, Ndugu Ngeleja, mfanyabiashara wa Chala aliyemwoa dada yake Cornelia. Koti la Ngeleja linaonekana na kijiji kizima, langu linachungulia shingoni kidogo tu. Jaketi la aina hii halivaliwi ndani ya koti mahali popote duniani. Tena, kama koti alikuwa nalo, lile jingine kwenye orodha lilikuwa la nini?

2. Kiangazi (Agosti hadi Oktoba). Kwa majira ya vumbi, inashauriwa kulitupia mabegani bila kuingiza mikono, na suruali ya kadeti. Mzee Zenon aliligeuza ndani nje. Akawa wa rangi ya chungwa. Mwezi wa kumi alisafiri nalo hivyo mpaka Kipili kununua migebuka, na wewe umewahi kufika kule ziwani, unajua jua lake. Watu walikuwa kifua wazi. Yeye alifunga zipu mpaka kidevuni, na wavuvi walipomwuliza kama anaumwa homa aliwajibu, "Siumwi. Hili nimepewa na mkwe wangu, yuko serikalini." Jaketi likarudi Mollo linanuka samaki, na mimi nikarudi kwenye simu yangu kutafuta namna ya kuondoa harufu ya migebuka, jambo ambalo wanamitindo hawajaligusa kabisa.

3. Masika (Novemba hadi Februari). Mvua ikianza, jaketi hili huwekwa kabatini kwenye henga. Hapo hakuna mjadala. Mzee Zenon alilivaa shambani akifukia majani kwenye matuta. Siku moja mvua ikamkuta njiani na mbegu za mahindi. Akalivua, akazifunika mbegu, akalowa yeye. Nyingine alizisahau kwenye mfuko wa kulia. Baada ya siku tisa ziliota. Nililetewa habari hiyo na Cornelia huku akicheka hadi machozi, pamoja na salamu za baba yake kwamba mfuko wa mkwe una rutuba. Nilisema asante.

4. Kwaresima. Hapa naomba usome polepole kwa kuwa ni eneo lako. Wewe ulihubiri kwamba kila muumini ajinyime kitu anachokipenda. Wengine walijinyima pombe, Mama Stefania, mke wa Mzee, alijinyima sukari. Mzee Zenon alijinyima jaketi langu. Alilitundika kwenye msumari chini ya msalaba, likakaa pale siku arobaini bila kuvaliwa na mtu. Nilimtuma Obedi aulize kwa adabu kama mimi naweza kulivaa kwa siku hizo, maadamu limekaa bure. Jibu lilikuja kwamba kilichotolewa kwa Mungu hakiazimishwi. Swali langu la kiimani ni hili: je, mtu anaweza kufunga kwa jaketi la mwingine? Na kama anaweza, thawabu inaandikwa kwenye faili la nani? Nauliza kwa sababu mwezi ule wa tatu nilikuwa na kikohozi.

5. Baada ya Pasaka, ulezi unapoiva. Lalamiko hili ndilo lililonifikisha kwenye kalamu. Mwishoni mwa Aprili nilikuwa kwenye gari la ofisi na mkuu wangu wa kazi, tukipita kando ya shamba la Mzee Zenon. Nikamwona amesimama katikati ya ulezi, amevaa jaketi. Baba Paroko, alikuwa amelivaa sawasawa. Kola imekaa, zipu nusu, ndani kitu cheupe, mikono imenyooka. Moyo wangu uliyeyuka. Nilisema, huyu mzee amejifunza. Nikaomba gari lisimame, nikashuka, nikavua kofia, nikamwamkia kwa sauti, "Shikamoo baba." Hakujibu. Nikasogea, nikaamkia mara ya pili, nikiinama kidogo. Hakujibu. Nikarudi garini nimevunjika, najua kwamba mkwe amenikasirikia na ndoa imeota mbawa. Nilikaa siku sita bila hamu ya kula, nikaagiza mchele wa Kyela kwa ajili ya kuomba radhi kwa kosa nisilolijua.

Ilikuwa sanamu ya kutishia ndege. Cheupe cha ndani kilikuwa mfuko wa mbolea.

Mkuu wangu wa kazi aliitambua sanamu ile tangu mwanzo na hakusema. Sasa kila asubuhi akiingia masijala huliamkia kabati la mafaili, shikamoo baba, na wenzangu huangukia meza kwa kucheka. Lakini mimi kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni kwamba katika mwaka mzima, aliyelivaa jaketi langu kwa kufuata utaratibu ni mtu wa majani peke yake.

Kutokana na hayo, naleta hoja zifuatazo kwa unyenyekevu mkubwa:

(a) Kwamba tangazo la tatu lisisomwe Jumapili hii mpaka jaketi lijadiliwe.

(b) Kwamba mwaka ugawanywe. Mzee Zenon abaki na kiangazi na masika, mimi nipewe kipupwe. Kwaresima libaki kwa Mungu kama kawaida, ila msumari ubadilishwe, unatoboa kola.

(c) Kwamba iundwe kamati ndogo ya jumuiya, ya watu watatu wasio na ukoo nasi, ikague mifuko kila mwezi kama kuna mazao.

(d) Kwamba hoja (b) ikikataliwa, basi hadhi ya jaketi itamkwe rasmi. Maana mimi tayari nimeliamkia mara mbili mbele ya shahidi wa serikali. Kama ni mzee wangu, lipewe kiti mstari wa mbele siku ya harusi, lihudumiwe chakula, na liitwe kwenye picha ya familia. Kama si mzee wangu, nirudishiwe shikamoo zangu.

(e) Kwamba yote hayo yakishindikana, ndoa isogezwe mpaka Septemba, joto litakapoanza na akili yangu itakapotulia.

Cornelia hajui kuhusu barua hii. Nimeficha rasimu tatu kwenye faili la mambo yaliyofungwa, ambalo halifunguliwi na mtu. Naogopa akijua atanitazama tu, bila kusema, kama anavyowatazama wale wa darasa la pili, nami nitatoa daftari. Lakini afadhali anitazame vibaya leo kuliko nisimame altareni nikiulizwa kama nimekuja kwa hiari na moyo mmoja, nami moyo wangu nusu uko Mollo umevaliwa ndani ya koti la Ngeleja.

Nimalizie kwa kukutakia afya njema wewe na wote wa nyumba ya mapadre. Nisalimie katekista aliyetufundisha somo la uvumilivu katika ndoa, mwambie nimelielewa. Nisalimie na walimu wa kwaya, mpishi wenu, na yule mlinzi ambaye ana jaketi zuri. Mwambie asiende kuposa akiwa amelivaa.

Wako mtiifu, mwenye baridi,

Lwitiko Jafeti
(Bwana harusi na mpingaji)

Nakala:
Mwenyekiti wa Jumuiya
Ndugu Obedi, mshenga, kwa taarifa na majuto
Faili

Nyongeza, baada ya bahasha kufungwa na kufunguliwa tena:

Baba Paroko, Obedi ameingia sasa hivi na furushi kutoka Mollo. Nimefungua. Ni jaketi.

Nimekaa chini sakafuni. Nimekueleza mwenyewe hapo juu maana yake kitu cha mahari kikirudishwa. Mwaka mzima nimelililia, na limekuja, limefuliwa, limepigwa pasi, kola imezibwa tundu la msumari, na mimi nilikuwa nalisukuma mikononi mwa Obedi nikimwambia alirudishe haraka, aseme hakunikuta, aseme nimehama. Sijawahi kukichukia kitu kama nilivyolichukia jaketi lile kwa dakika zile.

Ndipo Obedi akanionyesha kile kimfuko cha mkononi kisichojulikana kazi yake. Ndani mlikuwa na rozari, na karatasi yenye mwandiko wa Mzee Zenon. Nanakili yote:

"Mkwe. Cornelia anasema huko ofisini kwenu baridi imekuzidi na unakohoa. Vaa hili mpaka siku ya harusi, halafu unirudishie, kwa sababu nitamsindikiza binti yangu nikiwa nalo. Mimi nalivaa ndani ya koti ili lisichakae. La Ngeleja acha lipigwe na vumbi. Siku ile ya mahari nilikuona kupitia dirisha unatetemeka na hukuondoka, nikawaambia wazee, huyu apewe. Ni mimi, baba yako, Zenon."

Naomba barua hii uichane, pamoja na hoja zote kuanzia (a). Tangazo la tatu lisomwe Jumapili, na ikiwezekana lisomwe misa ya kwanza. Jaketi nimelikunja, naenda nalo Mollo leo hii kwa bodaboda, mikononi, bila kulivaa. Kikohozi kitapona.

Na tarehe 28, ukimwona Mzee Zenon mlangoni mwa kanisa amevaa koti refu, na kijani inachungulia shingoni, usimwambie kitu. Jaketi la aina hii huvaliwa ndani ya koti.