Ini la Joyline na Kiti cha Mzee wa Kanisa

Jumatatu, 14 Julai 1997
Homa Bay. Nimemleta binti yangu hospitali ya mbali makusudi, watu wa kwetu Suna wasituone. Joyline ana miaka kumi na minne na kilo themanini na mbili. Kilo hizo nilijivunia, mimi mwenye duka; duka lenye njaa halina mteja. Daktari amempiga picha ya tumbo, akasema ini limejaa mafuta. Nimemjulisha kwamba sisi ni Wasabato, hatujaonja pombe. Amejibu kwamba si pombe: ni soda, keki na kukaa kutwa nyuma ya kaunta. Aache soda, atembee, arudi baada ya wiki mbili. Asipopungua, ini litaanza kupata makovu.

Nani Suna atasadiki habari ya soda? Kwao ini ni pombe. Nayo kamati itamchagua mzee wa kanisa tarehe 26. Ni mimi au Mochama muuza unga.

Jumanne, 15 Julai
Nimetangaza malaria. Ugonjwa wa heshima. Karatasi ya daktari nimeificha ndani ya Biblia. Mke wangu, Nyamusi, amesema njia ya mwongo ni fupi. Hajui siasa.

Ijumaa, 18 Julai
Sikujua malaria ina wageni wengi hivi. Phelesia, kiongozi wa Dorkas, chama cha akina mama kanisani, ameleta wenzake tisa, na kreti mbili za soda, mikate na glukosi. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, na kukataa ni kumtukana mletaji. Phelesia alimsimamia Joyline hadi chupa ya pili ikaisha, akilalamika kwamba mtoto amekonda sana. Joyline alisema shangazi Phelesia ana macho mazuri.

Jumapili, 20 Julai
Nimezihamishia soda chumbani kwangu. Kufuli sina. Njia pekee ya kuzilinda ni kuzinywa. Leo tano.

Jumatano, 23 Julai
Soda saba. Mochama amekuja na keki na tabasamu. Aliuliza ni malaria gani hii inayozunguka uwanja kila alfajiri pamoja na mama yake. Nyamusi hakuniambia! Nimejibu kwamba ni malaria ya kutembea. Mochama aliomba aandikiwe jina la ugonjwa huo kwa Kilatini.

Jumamosi, 26 Julai
Nimesimama kanisani kusoma neno. Karatasi ya daktari imechomoka kwenye Biblia, ikaanguka miguuni pa Mochama, naye ameisoma kwa sauti, kwa upendo wa Kikristo. Joyline akainuka, akasema kwamba ini lake halijui pombe, linajua soda za dukani kwetu, na baba ndiye aliyeogopa. Akina mama wakampigia makofi. Phelesia ameahidi kwamba Dorkas nzima itatembea naye.

Kamati imemchagua Mochama. Wameeleza kwamba ini halikuwa na neno. Neno lilikuwa malaria.

Jumatatu, 28 Julai
Homa Bay. Joyline amepungua kilo tatu. Daktari amelitazama tumbo langu, akanilaza mimi kwenye mashine ya picha. Ini limejaa mafuta. Ameuliza nakunywa nini. Nyamusi amecheka kutoka hospitalini hadi tulipofika Rangwe njiani.

Majirani walikuwa wakitungoja mlangoni. Nilikuwa nimekwisha kufikiri njiani. Malaria ilikuwa kosa. Ilileta wageni wengi mno. Nimewaambia nina homa ya matumbo.