Betri Iliyokufa Haijafa

Jumatatu, 3 Machi
Dunia ingejua kilichomo kichwani mwangu, ingenizungushia uzio na kuniwekea askari. Leo nimekuwa mchimba madini bila kushika jembe. Ndani ya betri chakavu za simu na kompyuta mna kobalti, nikeli na lithiamu. Na watu wanazitupa! Nimeokota gunia zima nyuma ya vibanda vya mafundi. Nimelisukuma chini ya kitanda, kwenye chumba changu cha uani kwa dada. Mgodi wa kwanza duniani wenye godoro.

Dada kauliza gunia la nini. Nikamjibu ni urithi wa wajukuu zangu. Akasema wajukuu gani, hata mke sina. Kisha akatamka neno zito: chumba anakitaka kwa ajili ya cherehani yake. Nikimwonyesha kazi ya maana kabla ya Ijumaa, nabaki. La sivyo, nahama.

Kazi ya maana! Hajui anaongea na mgodi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemtembelea fundi simu wa pale kona, tunamwita Miwani. Sikwenda kuuliza, nilikwenda kumpima. Akaeleza kwamba kiwandani betri huuawa kwanza, yaani huondolewa chaji yote iliyobaki. Ndipo husagwa zikawa unga mweusi, na unga huo hutiwa dawa kali mpaka madini yajitenge. Akanisihi: mjomba, usije ukafungua betri ambayo haijauawa.

Nilicheka mpaka wateja wake wakageuka. Betri zangu zote zimekufa, ndiyo maana zilitupwa! Tangu lini maiti akauawa? Miwani akashikilia kwamba betri iliyokufa haijafa, imezimia tu. Nikamshauri aache simu akafundishe Kiswahili. Wivu mtupu. Anautaka mgodi.

Jumatano, 5 Machi
Siku ya ushindi, kwa kiasi fulani.

Nilimwita dada ashuhudie kobalti ikizaliwa. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Nikachagua betri iliyovimba kuliko zote, maana kilichovimba kimeshiba. Nikaidunga bisibisi.

Loo! Maiti akakoroma. Akatema moshi. Halafu akawaka! Godoro likashika moto, nami nikatokea dirishani, ili nilione tukio kwa upana wake. Dada akaliburuta godoro hadi uani, akalimwagia mchanga wa ujenzi, mabeseni kwa mabeseni. Kisha akainua uso, mimi niko juu ya ukuta, akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya maana. Nikamjibu kwamba mgodi usiolipuka si mgodi. Aliyoyasema baada ya hapo, shajara yenye heshima haiyaandiki.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kaja na ndoo ya mchanga. Akauliza, kwa sauti ya msibani, marehemu kazikwa wapi. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Ndugu wa damu!

Betri zilizobaki Miwani akazifunika ncha kwa utepe, moja moja, kama anafunga vidonda, akazipeleka kwa wakusanyaji wa kiwanda. Nasikia wamemshukuru sana. Wangemjua aliyeziokota! Namwonea huruma. Mtu mzima kung'aa kwa jasho la mwenzake.

Ijumaa, 7 Machi
Cherehani imeingia chumbani tangu asubuhi. Mimi nimehamishiwa makao makuu: sebuleni, kwenye mkeka, kati ya kochi na friji. Dada anasema nimefukuzwa. Hajui lugha ya uongozi.

Kosa nimelibaini. Betri za simu ni ndogo, na vidogo vyote vina hasira za karibu. Kubwa ndiyo yenye busara. Kuna jamaa ana betri ya pikipiki ya umeme, imekufa kabisa, ameniapia. Kesho naifuata. Bisibisi ninayo.

Hofu? Sina. Ila, kwa kuwa hapa hasomi mtu: tangu Jumatano simu yangu mwenyewe inalala nje, imefukiwa mchangani. Na asubuhi, kabla sijaigusa, naiamkia. Shikamoo.