Hotuba ya Mheshimiwa Kapembwa Akizindua Rejista ya Uboho, Uwanjani Kashikishi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Uboho na Maendeleo ya Ufukwe, ambaye pia ni mimi. Wakuu wa vijiji mliokaa kivulini na ninyi mliokosa kivuli. Viongozi wa vyama vya mitumbwi yenye injini, na ninyi wenye makasia mtafikiwa baadaye. Wachungaji wa makanisa yote, ambao leo sitawataja majina kwa sababu mara ya mwisho nilisahau moja na kwaya yake ikagoma. Ndugu zetu wa Kongo mliovuka ziwa mkapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani na sasa ni majirani zetu. Mama zangu wauza samaki. Nesi Felistus, ambaye namwomba akae chini na hicho kisanduku chake. Na mtoto wetu Katongo wa mstari wa mbele, mwenye miaka tisa na kofia ya manjano: nawasalimu kwa ngazi zote za salamu zilizopo! (Makofi. Mbuzi anapita mbele ya jukwaa, naye anapigiwa makofi.)

Ndugu wananchi, mnajua kilichotuleta. Uboho wa Katongo, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umechoka kazi, na madaktari wa Lusaka wamesema anahitaji uboho wa mtu mwenye aina ya tishu inayolingana na yake. Kaka yake Levy alipimwa, haikulingana. Ndipo mimi, bila kusukumwa na mtu yeyote isipokuwa mama yake Katongo aliyekuja ofisini kwangu mara kumi na saba, nikabuni projekti hii yenye rodmapu, fremuweki, na implementesheni ya awamu nne, ambayo awamu yake ya kwanza ni hotuba hii, na ya pili ni hotuba nyingine. (Kicheko. Mheshimiwa anadhani ni shangwe, anainama.)

Mwezi wa nne mlijitolea. Mlipanga foleni kuanzia bandarini hadi sokoni, mkafungua midomo, mkapanguswa mashavu kwa ndani kwa vijiti vya pamba. Na leo, kwa unyenyekevu ambao watu wengi wamenisifia, natangaza matokeo. Wachangiaji wa hiari: elfu moja mia nne na kumi na wawili. Aina za tishu zilizopatikana: elfu moja mia nne na kumi na mbili! Hakuna mtu hata mmoja anayelingana na mwenzake! Utofauti wa asilimia mia moja! Nitajieni wilaya nyingine yenye rekodi hiyo! (Makofi makubwa, kisha yanapungua, kisha yanakoma kabisa.)

(Mama Brigitte, mama yake Katongo, anasimama: “Shefu, ile namba yote ni muzuri. Lakini mutoto yangu amepata mutu ao hapana?”)

Swali zuri sana, mama, na limo katika ukurasa wa tisa. Katongo hajapata mtu, na hapo ndipo ushindi wetu unapoonekana, maana angepata mtu mmoja tu tungeshuka mpaka asilimia tisini na tisa.

(“Lakini wamepimwa na nani?” anauliza Nesi Felistus. “Sijaona mashine hapa wilayani Nchelenge.”)

Nesi, takwimu hizi zilipatikana kwa mbinu ya kisayansi ya kuwatazama watu usoni mmoja baada ya mwingine. Mimi mwenyewe niliwatazama.

(“Ba Kapembwa, aina ya tishu haionekani usoni,” Nesi anasema. “Na kweli sisi watu wa huku tuna aina nyingi mno. Ndiyo sababu wanahitajika watu wengi wapimwe. Yule ambaye hajapimwa anaweza kuwa ndiye anayelingana na Katongo.”)

(Sampa, mvuvi wa ukoo wa Mamba, ambao kwa mila wanaruhusiwa kuwatania watu wa ukoo wa Samaki popote, hata msibani, anapaza sauti kwa baba yake Katongo: “Ba Mwenya! Samaki anatafuta uboho wa nini? Ninyi ni miiba mitupu!” Ba Mwenya anajibu: “Nyamaza, Mamba! Mdomo mrefu, akili fupi!” Katongo anacheka mpaka kofia inaanguka.)

Utaratibu, waheshimiwa! Nafikia shukrani. Namshukuru fundi aliyeandika kibao cha maabara, kibao ambacho ni kizuri kuliko maabara yenyewe, kwa kuwa maabara yenyewe haipo. Nawashukuru wapishi, maana daftari hili ninalolipunga tangu asubuhi, ambalo baadhi yenu mmeliita rejista, ndiyo orodha ya watakaokula nshima, ugali wetu. Na kwa namna ya pekee namshukuru shemeji yangu Goodson. Maelekezo yalisema vijiti vya pamba vikaushwe hewani, na nani anajua kukausha kuliko sisi? Shemeji akatupatia nafasi kwenye chanja zake, pembeni ya chisense, wale dagaa wetu wadogo. Vijana wake wakaanua vyote pamoja, wakapakia vyote pamoja, na magunia manane yakavuka ziwa siku ya Jumanne. Kwa hiyo, ndugu zangu, projekti yetu sasa ni ya kimataifa, na wateja wa ng'ambo hawajalalamika kuhusu ladha! (Mama Brigitte anakaa chini, anamvalisha Katongo kofia, anaishikilia kwa mikono miwili.)

Uboho oyee!

(Sampa anasimama. “Sisi Mamba tunawatukana Samaki kila siku,” anasema, “lakini wakipata shida, sisi ndio wa kwanza kufika. Ba Nesi, hicho kisanduku kina nini?” Nesi Felistus anakifungua. “Bahasha mia tatu na vijiti vipya. Nimeviomba mwenyewe kwenye maabara ya kweli. Vinaondoka kesho na basi la Mansa.” Ukoo wote wa Mamba unapanga foleni, midomo wazi. “Leo Mamba anafungua mdomo bila kumla mtu!” anapiga kelele Ba Mwenya, akicheka huku anafuta macho. Wauza samaki wanafuata, kisha wachungaji, kisha kwaya iliyogoma.)

Wapendwa, mbona mnaniacha na viti? Bado kurasa kumi na nne! Nasema hivi, kama mwanzilishi, mlezi na mfano wa kuigwa wa projekti hii, foleni yoyote ya uboho katika ufukwe huu inapaswa kuanzia kwangu, na kabla ya hapo ningependa kutoa maneno machache ya ufungu—

(Katongo amepanda jukwaani na kijiti cha pamba mkononi, Nesi Felistus nyuma yake. “Ba Kapembwa,” anasema Katongo, “fungua mdomo. Ila usiongee.”)