Ombi la Kuokolewa na Epifania Siku ya Wazazi

Mwika, Agosti 1975

Kwa Mwalimu Sirili, Msimamizi wa Maigizo,

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Eliamini wa Kidato cha Pili, yule unayemwambia kila siku "paza sauti". Naandika kwa sababu nikisimama mbele yako maneno yananikimbia.

Nashukuru kuchaguliwa niwe Shujaa wa Msituni katika mchezo wetu. Hata hivyo, kwa heshima zote, nalalamika. Naomba Epifania, anayeigiza Binti, awe Shujaa, nami niwe Binti. Sababu ni hizi:

1. Shujaa anatakiwa kukimbia amembeba Binti. Juzi kwenye mazoezi nilimnyanyua Epifania, tukaangukia ngoma. Yeye akaniinua kwa mkono mmoja akasema, "Pole, baba wa msitu." Sasa darasa zima linaniita hivyo. Mwalimu, msichana huyu kila Jumamosi hupanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, tena anaimba. Mimi si mzito kuliko majani.

2. Binti anazimia akimwona chui. Huku kwetu nani ana nafasi ya kuzimia? Chui alipoingia zizini, mama alimfukuza kwa mwiko wa moto, akarudi kukoroga. Baba ndiye aliyepanda darini, na ndiye anayesimulia.

3. Shujaa ni mtu mzima, lakini hana kihamba, yaani shamba la ukoo, wala mgomba mmoja, na balozi wake wa nyumba kumi hajulikani. Anachojua ni kuning'inia kwenye kamba na kupiga yowe. Mtu wa namna hiyo hapewi mke, anapelekwa kulima shamba la kijiji.

4. Mwishoni Binti humwambia Shujaa, "Mimi ni wako." Nimefikiri sana. Binadamu wote ni sawa, na anayeokoa ndiye anayechoka. Basi yeye ndiye apikiwe mtori wa ndizi na nyama, akae ndani miezi mitatu anenepeshwe kama mzazi aliyejifungua. Mtori najua kupika (tafadhali wavulana wa bweni wasijue). Na hayo maneno, "Mimi ni wako," nikimwambia Epifania, nitayapaza hadi wazazi wa nyuma kabisa wayasikie.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na mama wa nyumbani kwako.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, niogopaye kamba,
Eliamini

N.B. Mwalimu, kabla sijaileta barua hii nilimwonyesha Epifania. Amefurahi mno, yuko tayari kuwa Shujaa hata leo. Ila anasema Shujaa ndiye mwenye kuchagua wa kumwokoa, naye atamwokoa Kornel wa darasa letu, "maana wewe Eliamini utaniomba radhi njia nzima." Kwa hiyo malalamiko yote manne nayafuta. Binti aendelee kuzimia kama kawaida, nami nitambeba, nimeshaanza kujizoeza na magunia ya kahawa. Usawa tunaweza kuuanza baada ya Siku ya Wazazi.