Kiondo cha Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Juni 2004
Mwezi wa kwanza wa ndoa! Nikimwona tu Nzomo akivua viatu mlangoni, moyo unaruka. Leo tumempeleka mama yake kliniki Kajiado. Kiharusi kilimkamata Aprili, na mkono wa kulia haushiki kitu. Daktari alieleza vizuri sana. Damu ikikatika kwenye ubongo, seli za neva humwaga kemikali iitwayo glutameti nyingi mno, zikachocheana hadi zikafa. Ndipo huja seli nyingine zenye umbo la nyota. Zinavimba, zinafyonza glutameti iliyozidi, zinajenga kovu kama boma kuzunguka kidonda. Jamani, nusura nilie. Hizo ni mimi! Aliongeza kwamba boma hilo hilo baadaye laweza kuzuia neva kuchipua, lakini hapo nilikuwa naangalia shingo ya Nzomo.

Wifi yangu Kasyoki amesema mkono usipoamka kufikia kliniki ijayo, anamhamishia Mama kwake Kimana. Eti mimi najua kupaka lipstiki tu. Hamchukui!

Jumatano, 9 Juni
Kitengela vumbi tupu, nyumba yetu mapenzi matupu. Nimemlisha Mama, nimemfunga kitambaa, nimemkuna mgongo kabla haujawasha. Ameuliza kama nitamsaidia kupumua pia. Ananipenda!

Daktari alimwagiza asuke kiondo, mazoezi ya vidole. Asubuhi nzima, mzunguko mmoja haujaisha. Roho imeniuma. Mpango: akilala mchana, namsukia kidogo. Ataamka aone amesonga, apate moyo. Kusuka sijawahi. Ugumu uko wapi?

Jumapili, 20 Juni
Kila siku nasuka. Mistari imepinda kidogo, basi. Ajabu ni kwamba kiondo hakikui! Kasyoki amekuja na vitunguu vya Kimana, nami nimemnong'onezea Nzomo kwamba dadake anatuhujumu. Amecheka hadi akashika ukuta. Anavyocheka mume wangu! Nikasahau hasira.

Jumatatu, 5 Julai
Kliniki. Sikulala kwa hofu. Daktari akampa Mama kalamu, Mama akaikamata kwa mkono wa kulia, akakataa kuirudisha! Akaulizwa amefanya mazoezi gani. Akasema kila mchana hujifanya amelala, kisha hukuta upuuzi wa mtu kwenye kiondo chake, nyuzi zimekazwa kama za kufunga mbuzi, naye hukaa kuufumua mpaka vidole viwake moto. Kasyoki akacheka hadi machozi. Mama akamwambia haendi Kimana ng'o. Huko nani atamharibia kazi vizuri hivi? Akanishika mkono. Kwa ule wa kulia!

Daktari ameniangalia usoni, akasema nimwache Mama ajifanyie mambo mwenyewe, hata ngazi ashuke peke yake. Nimeahidi kwa moyo wangu wote.

Tulipokuwa tunashuka nilimshika Mama sketi kwa nyuma, vidole viwili tu. Hajui kabisa. Nilipogeuka, Nzomo alikuwa amenishika mimi koti.